Fomu ya Nyevu

Ghorofa ya tatu, Barabara ya Nkrumah.
Lifti imekufa tangu Jumatatu.
Nimepanda ngazi na bahasha ya kaki:
nakala ya kitambulisho, barua ya kuachishwa kazi,
stakabadhi za mshahara za miaka kumi na minne
niliyohesabu makontena Miritini,
kalamu sikioni, vumbi la klinka kooni.

Kijana wa kaunta ana adabu za benki.
"Mama, una miaka arubaini na mitatu tu.
Ukingoja sitini, zitakuwa zimezaa."
Ananigeuzia kikokotoo. Tarakimu zimepandana
kama makontena, moja mgongoni mwa jingine.
Nami kuhesabu najua. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Zitakuwa zimezaa.
Mamangu naye amezaa, nyumbani Chaani.
Daktari alimulika tochi, akasema, "Ni mtoto wa jicho,"
mama akacheka hata akashika ukuta:
"Kwa umri huu? Na babake ni nani?"
Hayo yalikuwa mwaka juzi. Sasa hacheki.
Hunijua kwa mburuzo wa ndara zangu.
Chumvi huitafuta kwa kidole,
na juzi aliisalimu leso iliyoanikwa mlangoni,
akaiuliza watoto hawajambo,
akangoja jibu.

Akiba haiozi, walituambia siku ya semina,
wakatugawia kofia na soda.
Kweli, haiozi.
Lakini jicho huiva, na likiiva halingoji.

Kwenye fomu kuna mstari: Sababu ya kutoa.
Nafasi yake haitoshi hata jina la mama.
Nikaandika: Binafsi.

Ndipo nikamwona, nyuma yangu kwenye foleni,
mwanamke wa miaka sitini, ndara zangu miguuni mwake,
Nyevu Kalume, mwenye hela.
Hakugombana. Afadhali angegombana.
Aliuliza tu,
"Na langu jicho, atalilipia nani?"
Nikampa kisogo. Nikatia sahihi mara tatu,
kila nakala, na dole gumba
kwenye wino wa zambarau.

"Fungu la mwajiri," kijana akasema, "nusu yake itabaki.
Hiyo huigusi hata ulie."
Nikashusha pumzi
kama aliyemfunikia mgeni wa usiku kiporo chake.

Siku ya kufunguliwa bandeji, kliniki ya Tudor,
mama alitazama feni kwanza.
Akamtazama nesi. Akasoma ukutani kwa sauti,
neno kwa neno, Usiteme Mate Hapa,
wagonjwa wote wakageuka.
Kisha akanigeukia mimi.
Alikaa akinihakiki, kituo kwa kituo,
kama namba ya kontena isiyolingana na karatasi:
paji, mashavu, nywele zilizochungulia chini ya mtandio.
"Nyevu," akasema. "Mbona umezeeka hivi, mwanangu?
Nani kakuharakisha?"

Nikamwambia, twende, jua lisikuumize.
Nje nikasimamisha tuktuk,
nikatoa noti mpya, bado ina harufu ya benki.
Mama akaniomba aishike kidogo.
Akaisogeza karibu na uso, akaisoma namba yake yote,
polepole, hadi ya mwisho,
ndipo akamkabidhi dereva.