Sikio Lililosikia Dawa

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa.
La baba lilisikia.
Lilisikia kila tone la dripu, saa nane kwa saa nane,
siku ishirini na mbili, kitanda cha dirishani,
ghorofa ya tatu, mvua ya Porto ikiosha vigae,
ndipo likafa.

Aliingia na kidonda cha mguu, basi.
Adelino Sequeira, fundi wa kulinganisha piano,
miaka arobaini na mmoja ameinama juu ya nyuzi,
akigonga, akikaza, akigonga tena,
hadi nyuzi tatu ziseme kama mtu mmoja.

Siku ya tisa aliniambia: Benedita,
kuna nyenje ndani ya mto wangu.
Nikamwambia nesi. Nesi akaandika.
Niliiona kalamu ikitembea, ya bluu, mkono wa kushoto.
Siku ya kumi na tano akauliza
kwa nini toroli la chai halikwaruzi tena sakafu.
Daktari Valadares, mguu mmoja ndani mmoja nje:
ni homa hiyo, itapita, tuendelee.
Damu ya kupima ukali wa dawa
haikuchukuliwa hata mara moja.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.
Baba alimsikia mkuu. Guu likapona.
Alitembea mwenyewe hadi kwenye teksi
asisikie mlango ukifungwa.

Wakili Eulália Frazão ana ofisi juu ya duka la vifungo.
Aliniambia ambayo wodini hayakusemwa:
jalada ni haki yetu, tuliombe kwa maandishi;
sheria ina ukomo wa muda, na ukomo haungoji
mtu amalize kulia;
dawa kudhuru peke yake si kosa,
kosa ni mkono uliopaswa kupima usipime,
na mdomo uliopaswa kutuonya usituonye.
Kisha tutafute daktari wa kuyasema hayo juu ya daktari.
Wa kwanza alisoma darasa moja na Valadares.
Wa pili alikata simu, kwa adabu sana.
Wa tatu amestaafu, yuko Évora, anafuga nyuki.
Huyo alisema: nitumieni.

Jalada likaja, karatasi bado zina joto la mashine.
Baba hakusoma. Alipitisha kidole kwenye namba
kama apitishavyo juu ya vinyundo,
kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita,
kumi na nane.
Akarudi. Akapitisha tena.
Hapa, akasema, kwa sauti asiyojua ukubwa wake,
hapa pana waya umekatika.

Novemba walituita kwenye chumba chenye zulia.
Mtu wa bima alikuwa na mafua na moyo mzuri.
Kiasi kiliandikwa kwa tarakimu, kisha kwa maneno.
Kifungu cha saba: mlalamikaji atakaa kimya daima.
Nilikinakili kwenye daftari, nikamsogezea baba.
Akasoma. Akacheka mpaka akavua miwani.
Kimya? akasema. Hicho si walishanipa,
tena bure?

Akairudisha karatasi kwa kidole kimoja.
Leteni ukurasa wa kumi na saba.

Mimi ningesaini.
Naliandika hapa kwa sababu kwake sitaliandika.
Kodi ya nyumba ina miezi miwili,
wateja wake wamepata kijana wa Gaia mwenye kifaa cha betri,
na kesi imepangwa Machi, na Machi huahirishwa.
Wakili anasema tuna hoja. Hasemi tuna ushindi.

Usiku baba hufungua piano yetu ya ukutani,
huweka kiganja juu ya ubao,
huniashiria nipige ile noti ya katikati,
moja tu, niiache imalizike.
Anafumba macho. Ananisubiri.
Bado imekaa sawa?
Naandika: ndiyo.
Imeshuka tangu Pasaka.