Vitundu Vitatu

Kuteleza si kuanguka, walisema wahenga.
Wahenga hawakushuka Hilltown mwezi wa Januari,
Dundee, saa moja asubuhi, giza bado,
barafu nyeusi imejilaza kwenye lami
kama paka asiyetaka kusumbuliwa.
Mimi niliteleza na nikaanguka,
mfuko wa rasta mkononi, bega mbele,
na ule mlio, kah!
nilidhani chanuo langu limevunjika.

Chanuo lilikuwa zima.

Nesi aliliita jina langu mara tatu, kwa namna tatu.
Nikamwambia: Sikudhani.
Akauliza maana yake, huku mkasi wake
ukipanda mkono wa sweta langu.
Maana yake ndiyo hii, mwanangu.
Ndiyo hii hasa.

Kwenye picha nilikiona kichwa cha mfupa
kimeinama, kimeachana na shingo,
kama mteja aliyesinzia kitini
katikati ya msuko.
Daktari Morag Kinloch, mfupi, kucha fupi,
akasema: Bega hatutalipasua.
Tutatoboa vitundu vitatu
vya kupitisha punje ya kunde,
turudishe kichwa mahali pake, tukishikize kwa pini.
Utaonaje, bila kufungua?
Kwa kioo cha eksirei, akasema.
Mkono wangu siutazami.

Hapo ndipo nilipomwamini.
Miaka kumi na minane nasuka
macho yangu yakiwa kwenye tamthilia,
vidole vinasoma kisogo cha mtu vyenyewe,
vinajua wapi nywele ni chache,
wapi pana kovu la utotoni, wapi pasivutwe.

Nikahesabu kwa Kiswahili wakati dawa inaingia:
kumi, tisa.
Nane sikuifikia.

Wiki tano mkono wa kulia ulikaa
kwenye mbeleko ya buluu ya hospitali,
mzito, kimya, wa kuogeshwa.
Waliosema mkono mmoja haulei mwana
hawakuuona wa kushoto ukimlea nduguye.
Sidiria ilikuwa vita. Kopo la maharage, vita.
Usingizi niliupata kwenye kiti, wima, kama mlinzi.
Jirani yangu, Bi Aggie, alikuja na supu ya shayiri,
akanifunga vifungo vya koti kimoja kimoja
bila kusema neno,
na haya ikaniuma kuliko bega.

Pini zilitoka siku ya Jumanne, kwa koleo,
kama sindano uliyoisahau kwenye pindo la gauni.
Niliomba moja. Daktari akaiosha, akaitia kwenye kichupa.
Nilitaka kuona ni nini kilichonishika
wakati mwenyewe siwezi kujishika.
Nyembamba. Hata mkia wa chanuo langu ni mnene zaidi.
Na makovu? Vidoa vitatu.
Ukinitazama haraka utadhani ni ndui.

Sasa nainama mezani, mkono unaning'inia,
nakoroga uji usiokuwepo
katika sufuria isiyokuwepo.
Ukutani vidole vinapanda kama buibui mzee,
na kila Jumapili naweka alama ya penseli
juu ya maua ya karatasi ya ukutani.
Wiki ya tisa: petali ya pili.
Wiki ya kumi: petali ileile.
Wiki ya kumi nilitukana.

Kiti changu cha kusukia, kile cha kupandisha kwa mguu, nimekiuza.
Mutsa, mteja wa kwanza tangu Januari,
nimemwambia akae sakafuni, kati ya magoti yangu,
bega lisilazimike kupanda.
Akacheka: Hivi ndivyo mama alivyokuwa akinisuka.
Sikumjibu. Nilikuwa natafuta njia ya kwanza
kisogoni, kwa ncha ya kidole,
macho yangu dirishani, kwa shakwe.

Mistari minne, bega likasema basi.
Akaondoka na robo ya kichwa
na kilemba changu.
Kesho atarudi kwa minne mingine.