Kiti cha Pili

Lemuel, wamenipa dakika tatu za kukusema.
Tatu! Wewe uliyeweza kusimama jukwaani
ukivuta pumzi, ukivuta tu,
hadi watu wakadhani umesahau wimbo.

Mchungaji amesema ulikuwa mtu wa amani.
Nimekohoa.
Mimi niliyeketi kushoto kwako miaka kumi na tisa,
kiti cha pili, tarumbeta ya pili,
nilikuona ukimtupia Dewitt kiatu kule Sioux City
kwa sababu alikimbiza mdundo
kama mtu anayekwepa mdai.
Kisha ukakifuata kiatu chako,
kidole gumba kikichungulia kwenye soksi,
ukamwomba radhi mbele ya ukumbi mzima,
maikrofoni ikisikia yote.

Basi nitasema nijuacho.
Mchana ulikuwa machinjioni, Omaha Kusini,
ukisukuma damu kwa mpira wa maji.
Jioni ulinukia sabuni ya kufulia,
na ukatulazimisha sote tunawe,
hata sisi tusioshika nyama.
"Ala haijui umetoka wapi," ulisema. "Usiiambie."

Januari, mabomba yakiganda, kumbi zikifungwa,
tarumbeta yako ilikwenda kulala kwa Zelinka,
duka la rehani, dirishani,
kati ya saa mbovu na meno ya dhahabu ya mtu.
Ulipita pale kila siku, kola juu,
kama baba aliyempeleka mwana bweni
na anaona haya kubisha hodi.
Machi tuliikomboa kwa michango.
Zelinka hakuiuza hata mara moja,
na wenye pesa walikuja, najua walikuja.

Na ule usiku wa theluji njiani Kansas,
hoteli ilipotazama ngozi zetu ikakumbuka kuwa imejaa,
ulitupanga ndani ya basi kwa sehemu zetu:
saksofoni nyuma, trombone katikati,
ngoma karibu na injini ipate joto.
Ili tukiota, ulisema,
tuote kwa mpangilio.
Tulicheka, Lemuel. Meno yaligongana, lakini tulicheka.

Meno.
Daktari aliyang'oa sita ya mbele
ukiwa na miaka hamsini na minne.
Uliniambia unapumzika.
Ulikuwa chini, kwenye chumba cha makaa,
blanketi limeziba kidirisha,
ukianza upya kwa pembe ya mdomo.
Nilisimama nje kwenye barafu, nikasikia:
ndama aliyepotezwa na mamaye.
Kila jioni, majuma kumi na moja.
Sikukuambia. Leo nakuambia.

Uliporudi sauti ilikuwa nyembamba, yenye kutu,
na mimi niliipenda kuliko ile ya zamani.
Wewe hukuipenda.
Katikati ya wimbo uliteremsha tarumbeta,
ukanigeukia, ukasema, "Nenda."
Nilikwenda.
Sijui nilipita wapi. Nilipofika mwisho
ulikuwa umekaa kwenye kiti changu.

Umetuacha Januari, mpumbavu wee,
mwezi ambao ala yako haiko nyumbani.
Asubuhi hii amekuja mjukuu wa Zelinka,
ameibeba kifuani, pesa amekataa.
Tumefungua kasha. Chini ya mahameli
kuna karatasi, mwandiko wako wa kulalia:
madeni yako kwetu, mishahara ya usiku usiolipa.
Majina ya watu waliokwisha kuzikwa hayakukatwa.
*Dewitt: dola nne, na radhi tena.*

Jina langu liko mwisho.
Mbele yake hukuandika kiasi.
Nimeligeuza karatasi, nimelipeleka kwenye mwanga,
hakuna kitu.

Mchungaji anatazama saa yake.
Anadhani nimesahau maneno.
Ngoja, mchungaji.
Ndiyo kwanza navuta pumzi.