Ndani, Nje

Leida Pukk alipiga simu saa nane mchana,
theluji ya Tartu imeshafika vizingitini.
"Mwanangu, mlango wenu una kichaa.
Natia nywila, naingia. Nabofya majibu ya damu,
natupwa nje, naulizwa mimi ni nani.
Mimi! Karlova nimehamia kabla hujazaliwa."

Nikamwambia yale tuliyozoea kuwaambia watu:
futa kuki, funga kivinjari, zima, washa.
Nikamwambia atazame saa ya kompyuta yake.
Ilikuwa sahihi kuliko yangu.

Nikafungua kumbukumbu za seva, mstari kwa mstari.
Kuki yake ilitoka kwetu nzima, ikarudi nzima,
haikuchacha, muda wake haujaisha,
kikoa ni chetu, kufuli lipo.
Kisha, ndani ya sekunde ileile,
tunaikana kama mdeni anavyomkana anayemdai.

Nikasingizia wingu. Wingu halina mdomo wa kujitetea.
Kahawa ikapoa.
Rait wa zamu ya jioni akaingia, buti zinachuruzika,
akajaribu mara moja tu, akasema, "Kwangu inafanya kazi."
Maneno hayo yangepaswa kutozwa faini.

Saa kumi na moja Leida akapiga tena.
Alikuwa ameandika, nyuma ya karatasi ya ruwaza:
"Sikiliza. Ndani, nje, ndani, nje, ndani, nje.
Mimi nafuma soksi, mshono huu naujua,
kitanzi cha mbele, kitanzi cha nyuma.
Huko kwenu kuna mikono miwili."

Mikono miwili.

Jumatatu, mafua yalipozidi mjini,
tuliongeza seva ya pili, zipokee wagonjwa kwa zamu,
nayo ilipoamka ikajichongea muhuri wake.
Alichokigonga huyu, yule akakiona ghushi.
Fahari wawili, na zizi tumelijenga wenyewe.

Nikaweka muhuri mmoja, mahali pamoja, zote ziusome.
Nilipowasha, watu mia tatu na kumi na wawili
walitupwa nje kwa mpigo, na Leida kati yao.
Niliwaomba radhi kimoyomoyo, kwa jumla.

"Ingia tena, mama."
Nikasikia kibodi, herufi kwa herufi.
"Ndani," akasema.
"Ndani."
"Ndani."
Kisha kimya: majibu yalikuwa mbele yake,
na hayo hayakuwa yangu kuyasoma.
Hakukata simu. Nami sikukata.
Baada ya muda nikasikia sindano
zikianza tena kugongana.