Vitu Wasivyochukua

Karani kaniamkia, "Mbukwa, mama,"
kisha kanipa fomu, kurasa saba,
na kalamu iliyofungwa kamba mezani.
Nimetoka Kibaigwa alfajiri, juu ya lori la mahindi;
vumbi la Dodoma limenitangulia kuingia ofisini.

Jina: Sechelela Chilongani. Kazi: fundi cherehani.
Wanaokudai: hapo nikaomba karatasi ya ziada.
Duka la vitambaa. Kikoba cha Jumanne.
Halafu wale wa kausha damu, watatu,
mmoja akinikopesha nimlipe mwenzake,
nikichimba shimo kufukia shimo.

Sare mia mbili za shule nilishona kwa mkopo.
Mwalimu mkuu akahamishwa. Aliyekuja ana fundi wake.
Mia mbili bado zinaning'inia chumbani,
watoto wasio na vichwa.

"Kuna ada," karani akasema bila kuinua macho.
Nikacheka, Mungu anisamehe.
Kumbe hata kufilisika kunataka mwenye nacho!
Nikafungua pindo la khanga:
bei ya matetea wawili na jogoo.

Kisha akanisomea visivyoguswa,
taratibu, kama asomaye wosia wa mtu aliye hai:
nguo za mwilini, kitanda na matandiko,
sufuria za kupikia, zana za kazi.
"Cherehani?"
"Zana ya kazi."
"Na mkasi?"
"Na mkasi, mama."
Nikashusha pumzi niliyoibana tangu Pasaka.
Redio itakwenda. Kiwanja cha Kongwa kitakwenda.
Baiskeli ya marehemu tukaijadili kidogo.
Itakwenda.

"Na wewe, unamdai nani?"

Swali hilo sikulitegemea.
Mkobani nina daftari, majina kumi na matano:
gauni la ubatizo, mapazia, suruali ya mgambo.
"Unachodai nacho ni mali," akasema. "Tutakikusanya sisi."
Nikawaona wakipigiwa hodi na barua yenye muhuri.
Nikawataja, mmoja mmoja, watu kumi na wanne.

Wa kumi na tano ni Nyemo wa bondeni.
Nilimshonea sanda, mita moja na robo tu,
usiku wa mvua, kwa kibatari.
Ukurasa wake umegandana na wa jirani yake.
Sikuubandua.

"Ndio wote?"
Nikaapa kuwa ndio wote.
Kalamu ya kamba ikakauka wino katikati ya jina langu,
nikamalizia sahihi kwa kalamu yangu,
ambayo nayo sikuiorodhesha.