Njia ya Mabogini

Sikukuona wewe, Ndelilio.
Niliona mabua yakitembea,
saa mbili usiku, baada ya mfereji,
mabua ya mahindi yaliyolala kwa upana,
na chini yake hakuna gurudumu, hakuna mguu,
hakuna mtu.
Kisha kitu kidogo kikanikonyeza.

Nikakanyaga breki.
Mchanga wote nyuma ukaja kunigongea kebini,
Fuso ikajikwaa, ikazima.
Vumbi likatupita, likaenda zake.

Ulishuka ukitetemeka, nikashuka nikifoka:
“Unataka nikafie jela?”
Ukanitazama, ukaitazama gari.
“Mzee, mbona una jicho moja?
Niligeuka nikaona taa moja,
nikasema bodaboda hiyo,
itapita, nafasi ipo.”

Nikakosa la kujibu.
Taa ya kushoto ilikufa Jumatatu.
Jumatatu nilisema kesho.
Jumanne nikaweka vocha.

Tukakaa kwenye nyasi hadi magoti yarudi.
Ukaniambia dinamo unayo,
inaimba vizuri ukikanyaga pedali,
ila ukichoka ukasimama, nayo inalala.
Na kiakisi chekundu kipo, kizima kabisa,
huko nyuma, chini ya mzigo,
kinapunga mkono ndani ya blanketi.

Sasa kilichonikonyeza?
Ukaugeuza mzigo: sidii,
imefungwa kwa uzi wa gunia kwenye bua la mwisho.
Harusi ya dada yako Aikaruwa.
Imekwaruzika, haichezi tena,
mkeo akakataa kuitupa.
Humo ndani mbege bado inazunguka,
shangazi bado wanapeperusha leso,
na mimi nisiyealikwa
nikasimamishwa mlangoni.

Nilikusindikiza mpaka Pasua kwa gia ya kwanza,
taa yangu moja mgongoni mwako.
Walio nyuma yetu walipiga honi, wakatutukana
kwa lugha tatu.
Hukugeuka.
Ile harusi ilikuwa ikibembea,
ikinirudishia mwanga wangu
vipande vipande.

Kesho yake fundi aliniuliza:
“Balbu tu?”
Nikasema na kiakisi, kipana,
cha kufunga juu ya mabua.

Kipo hapa kwenye dashibodi, wiki ya tatu sasa,
bado kwenye karatasi yake.
Taa zangu mbili zinawaka.
Kila usiku nikivuka mfereji
napunguza mwendo,
natafuta mabua.