Fontemuda

Nyumba saba; moshi hutoka nne.
Mvua ya Galisia haina haraka, hunyesha kama mtu anayehesabu.
Kibao cha barabarani kinasema *Fontemoda*,
yaani chemchemi ya mitindo,
na vijana wa mjini husimamisha magari wapigane picha,
mguu mbele, kiuno upande,
ilhali nguo mpya ya mwisho kuonekana hapa
ni sanda ya mzee Baldomero.

Karani Xenaro Louzao katumwa aondoe *o*, aweke *u*.
"Herufi moja," alisema mkuu wake, "siku moja.
Na risiti ya petroli usiisahau."

Lakini ukishika brashi ya rangi mbele ya jina
huachi kujiuliza: *muda*, sawa, ila muda ipi?
Kwa lugha ya pale neno hili ni chumba chenye milango mingi.
Muda ni bubu wa kike.
Muda ni nguo safi ya kubadilisha,
ni gamba analoliacha nyoka juani,
ni kituo ambako baghala waliochoka waliachwa, wakatwaliwa wapya.

Kwa Casilda wa nyumba ya juu, jibu ni baghala.
Anaonyesha pete ya chuma ukutani, imelika kama jino:
"Barua za mfalme zilipumzika hapa."
Mfalme yupi?
"Wa wakati huo," anajibu, na viazi vinaendelea kumenywa.

Kwa Evencio ni maji yenyewe.
Anampeleka karani nyuma ya zizi.
Chemchemi inatoka chini ya jiwe bila kelele,
kama mtu anayetoroka kanisani mahubiri yakiendelea.
Xenaro anainama, anatega sikio,
anasikia saa yake ya mkononi.

Obdulia hakuulizwa. Ana miaka tisini na mmoja,
huulizwa tu kama amemeza dawa.
Ndiye anayemvuta karani kwa mkono wa koti:
"Alikuwa mtu. Mwanamke. Hasemi.
Alikuja na mvua kama hii, akaketi pale majini,
akafua nguo za nyumba zote, wakamlipa mkate.
Bibi yangu aliambiwa na bibi yake.
Jina? Sasa, mwanangu, angelitaja nani?"

Basi siku moja ikawa tatu.
Daftari la parokia linanuka panya na nta.
Padri wa mwaka 1764 alikuwa na mwandiko wa kuku mlevi:
ubatizo, ubatizo, ndui, ndui, ndoa,
kisha pambizoni, wino umefifia kama chai ya deni,
kwa Kihispania kilichoteleza kikawa Kigalisia:
*bubu wa chemchemini. Kazikwa. Ada haikudaiwa.*
Ukurasa unaofuata ni ugomvi wa mishumaa.

Je, mahali palirithi jina lake,
au yeye alivishwa la mahali
kwa kuwa hakuwa na la kutoa?
Au alikuwa mfuaji wa kituoni, wa wapanda baghala,
muda ya muda?
Kimya kingi kina mshindo, twaambiwa;
hiki kimekaa miaka mia mbili na sitini
na mshindo wake ni herufi moja.

Nami ninayeyaandika haya kwa lugha
ambayo Obdulia hajapata kuisikia,
kila nikilifikia jina kalamu inajikwaa:
kwetu muda ni ule unaoyoyoma,
ule tunaoombana tukishachelewa.
Najua haihusu. Sadfa si ukoo.
Nimeliacha tu hapa,
kama mtu anavyoacha ndoo kwa jirani.

Alasiri Xenaro anapaka. *U* inakaa vizuri,
ingawa chini yake *o* bado inachungulia.
Kwenye fomu, mbele ya *Asili ya jina*, kaandika: *mtu*.
Obdulia, asiyejua kusoma, anasimama chini ya mwavuli wa Evencio.
"Sasa linasemaje?"
Anamsomea.
"Aa," anasema, "hivyo hivyo ndivyo lilivyokuwa,"
na kugeuka, kwani saa ya dawa imefika.

Risiti ya petroli aliisahau.